Maswali ya Wasomaji: M. S. Subbulakshmi, Mwimbaji wa Madurai

Swali, kutoka Jinja: Ndugu Mhariri, mara nyingi huwapeleka wageni kwenye chanzo cha Mto Naili, na hapo huwaonyesha sanamu ya Mahatma Gandhi. Mgeni mmoja kutoka Chennai aliniuliza kama nimewahi kuusikia wimbo ambao M. S. Subbulakshmi aliurekodi kwa ajili ya Gandhi, nami nikakosa jibu. Mama huyo alikuwa nani, na wimbo huo una kisa gani?

Jibu: Ndugu yetu wa Jinja, mgeni wako aliuliza mahali panapostahili, kwa kuwa sehemu ya majivu ya Gandhi ilimwagwa katika maji hayo mwaka 1948. Wimbo wenyewe ni Hari Tuma Haro, wimbo wa ibada unaohusishwa na Mirabai, mshairi wa kike wa kaskazini mwa India wa karne ya 16. Husimuliwa kwamba mwaka 1947 Gandhi aliomba Subbulakshmi amwimbie wimbo huo, naye kwa unyenyekevu akajibu kwamba hakuujua vya kutosha na kwamba afadhali apewe mwimbaji mwingine. Jibu la Gandhi lilikuwa kwamba angependa kumsikia yeye akiyatamka tu maneno yake kuliko kumsikia mwingine akiyaimba. Basi aliurekodi usiku mjini Madras, ambao leo ni Chennai, na rekodi ikasafirishwa kwa ndege hadi Delhi. Gandhi alipouawa tarehe 30 Januari 1948, redio ya India iliurusha wimbo huo mara baada ya kutangaza msiba.

Subbulakshmi alizaliwa Madurai, kusini mwa India, tarehe 16 Septemba 1916. Alirekodi santuri yake ya kwanza akiwa na umri wa miaka kumi hivi, akahamia Madras mwaka 1936, na mwaka 1940 akaolewa na T. Sadasivam, mpigania uhuru na mwandishi wa habari aliyesimamia kazi zake zote tangu hapo. Aliigiza katika filamu chache, ya mwisho ikiwa Meera, iliyotoka kwa Kitamil mwaka 1945 na kwa Kihindi mwaka 1947. Humo aliigiza kama Mirabai huyo huyo. Baada ya hapo aliachana na sinema, akaushika muziki peke yake. Alifariki Chennai tarehe 11 Desemba 2004, akiwa na umri wa miaka 88.

Swali, kutoka Kampala: Mheshimiwa Mhariri, nimesoma sehemu mbili habari zinazopingana. Moja inamsifu Subbulakshmi kama mfano wa mke mcha Mungu wa tabaka la juu. Nyingine inasema alizaliwa katika jamii iliyodharauliwa. Ipi ni kweli?

Jibu: Mama, zote mbili zina ukweli ndani yake, na swali lako ndilo ambalo ningependa kulijibu kwa kirefu kuliko mengine, kwa sababu sifa nyingi anazopewa mwimbaji huyu hulipita kimya.

Mama yake, Shanmukhavadivu, alikuwa mpigaji wa vina, chombo cha nyuzi kinachoheshimika sana kusini mwa India, na bibi yake, Akkammal, alipiga fidla. Walikuwa wa jamii ya devadasi, yaani wanawake waliowekwa wakfu kwa mahekalu, ambao kwa vizazi vingi walihifadhi uimbaji na uchezaji, mama akimrithisha binti. Hawakuolewa kwa ndoa za kawaida. Waliishi chini ya ulezi wa wanaume wenye mali, na mali na jina la ukoo vilifuata upande wa mama. Kufikia mwanzoni mwa karne ya 20 jamii hiyo ilikuwa imeangukiwa na lawama nzito, na mwaka 1947 sheria ya Madras ilipiga marufuku kuwaweka wasichana wakfu. Sheria hiyo ilipiganiwa na watu wenye nia njema, akiwamo daktari Muthulakshmi Reddi, ambaye mama yake mwenyewe alitoka katika jamii hiyo. Hata hivyo, wanawake wengi waliokuwa walimu wa sanaa walijikuta hawana jukwaa wala heshima, huku sanaa ile ile ikipigiwa makofi katika kumbi za mjini ilipoimbwa na mabinti wa Brahmin, tabaka la juu la makuhani wa Kihindu.

Subbulakshmi alivuka mpaka huo kwa ndoa. Sadasivam alikuwa Brahmin, na tangu wakati huo mavazi, lugha ya nyumbani na ibada za mwimbaji huyu zilikuwa za nyumba ya Brahmin. Siamini kwamba ucha Mungu wake ulikuwa wa kuigiza. Anayezisikiliza rekodi zake hawezi kusema hivyo. Lakini ninaona ni dhuluma kumsifu binti na kuwasahau mama na bibi waliomfundisha kushika sauti kabla mwalimu yeyote mashuhuri hajamgusa. Yeye mwenyewe hakuwafuta: herufi mbili za mwanzo wa jina lake ni za Madurai na Shanmukhavadivu, mji wake na mama yake, ilhali desturi ya Watamil wengi ilikuwa kutanguliza herufi ya jina la baba.

Wasomaji wa Kiswahili wanaye wa kumlinganisha naye. Siti binti Saad wa Unguja, aliyezaliwa katika unyonge na kuchekwa kwa asili yake, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, katika miaka ile ile ambayo binti huyu wa Madurai alikuwa akianza kurekodi zake. Santuri iliwafikisha wanawake hao wawili katika nyumba ambazo pengine zisingewakaribisha sebuleni.

Akademia ya Muziki ya Madras ilimpandisha jukwaani akiwa kijana, lakini cheo chake cha juu, Sangita Kalanidhi, hakikupewa mwanamke yeyote mpaka alipokipokea yeye mwaka 1968.

Swali, kutoka Mbale: Mimi ni mwalimu wa muziki. Wanafunzi wangu wanazijua nyimbo za filamu za Kihindi tu. Muziki aliouimba Subbulakshmi unatofautianaje nazo?

Jibu: Mwalimu, muziki wake huitwa wa Kikarnatiki. Hauna sauti nyingi zinazopishana kama za kwaya. Una mkondo mmoja wa sauti unaotembea juu ya mlio wa tambura, chombo cha nyuzi, mlio ambao haubadiliki tangu mwanzo hadi mwisho. Mkondo huo hufuata raga, yaani mpangilio wa noti wenye njia zake za kupanda, kushuka na kutikisa sauti, na hupimwa kwa tala, mzunguko wa mapigo ambao mwimbaji mwenyewe huuhesabu kwa kiganja na vidole. Tala inayotumika zaidi, adi, ina mapigo manane yaliyogawanywa manne, mawili na mawili. Fidla humfuata mwimbaji, na ngoma ya mridangam hujibizana na tala. Nyimbo nyingi zilitungwa na Tyagaraja, Muthuswami Dikshitar na Syama Sastri, watunzi watatu walioishi enzi moja katika eneo la Thanjavur, kusini mwa India, na ndani yake mwimbaji huachiwa nafasi ya kubuni papo hapo.

Wako wajuzi waliosema kwamba waimbaji wengine wa wakati wake walithubutu zaidi katika kubuni, na hoja hiyo ina uzito. Nguvu ya Subbulakshmi ilikuwa kwingine: noti yake ilitua pale pale inapostahili, na kila neno lilitamkwa sawasawa, liwe la Kitamil, Kitelugu, Kisanskriti au Kigujarati. Alijifunza maana na matamshi kabla ya kuimba. Mwaka 1966 aliimba katika Umoja wa Mataifa mjini New York, na miongoni mwa nyimbo zake ulikuwamo Maitrim Bhajata, wa Kisanskriti, unaowasihi watu kuacha vita na mashindano.

Swali, kutoka Arua: Je, alitajirika? Na mtu anayeanza asikilize nini kwanza?

Jibu: Alipata fedha nyingi na akazitoa nyingi. Aliimba mara kwa mara kwa ajili ya hospitali, shule na mifuko ya hisani, ukiwamo mfuko wa kumkumbuka Kasturba, mke wa Gandhi, na mirabaha ya baadhi ya santuri zake mashuhuri aliielekeza kwenye taasisi za dini na elimu. Mwaka 1974 alipata tuzo ya Ramon Magsaysay, inayotolewa nchini Ufilipino kwa watu wa Asia. Mumewe alipofariki mwaka 1997 aliacha kuimba hadharani, na mwaka uliofuata akawa mwanamuziki wa kwanza kupewa Bharat Ratna, nishani ya juu kabisa ya raia wa India.

Anza na Venkatesa Suprabhatam, sala ya alfajiri inayosikika katika nyumba nyingi za kusini mwa India hata leo. Kisha sikiliza Vaishnava Jana To, wimbo wa Kigujarati alioupenda Gandhi, ambao majirani zako Wahindi wenye asili ya Gujarat huenda wakakufafanulia mstari kwa mstari. Nyimbo za Tyagaraja zifuate baadaye, sikio likishaizoea tambura.