Shinikizo halikai? Anza na kofia ya seli

Umeuliza kwa nini mashine ya kuchuja kemikali kwenye udongo kwa kiyeyushi cha moto haishiki shinikizo. Pampu hujaza kiyeyushi kwenye seli, yaani mtungi mdogo wa chuma wenye sampuli ulio ndani ya oveni, vali ya kutokea hujifunga, na shinikizo la kama baa 100 huifanya asetoni ibaki kimiminika kwenye nyuzi 100, ingawa kawaida huchemka kwenye 56. Kwa hiyo fungua kofia kwanza: punje moja ya mchanga ukingoni yatosha kuvujisha. Futa, badilisha oringi (pete ya kuzuia kuvuja) iliyochakaa. Bado? Shuku vali ya kutokea. Na tafadhali, sampuli yenye unyevu changanya na udongo wa diatomu (unga wa maganda ya viumbe vidogo vya majini), si chumvi ya sodiamu salfeti. Chumvi hiyo huyeyuka, kisha huganda tena mbele ya seli na kuziba mirija.