Albamu ya kwanza ya Kihindi ya A. R. Rahman

Hapana mkuu, unayesema albamu ya kwanza ya Kihindi ya A. R. Rahman, mtunzi wa muziki wa filamu wa India, ni Roja: ni nyimbo za filamu ya Rangeela ya 1995. Roja (1992, ya mwongozaji Mani Ratnam) ni filamu ya Kitamil. Ile ya Kihindi iliyosambaa kote iliingizwa sauti za Kihindi baadaye. Angalia waandishi wa mashairi: Kitamil ni Vairamuthu, Kihindi ni P. K. Mishra, ambaye ilibidi apachike maneno juu ya muziki uliokwisha kutungwa. Ndiyo maana kuna mistari inayokaa kama shati la kuazima. Sikiliza Chinna Chinna Aasai ya Kitamil kisha Dil Hai Chhota Sa ya Kihindi: mwimbaji ni yuleyule Minmini, tuni ileile, lakini ya kwanza inateleza zaidi mdomoni. Filamu ya Bombay nayo hivyohivyo, Kitamil kwanza.

Rangeela ni habari nyingine. Mwongozaji ni Ram Gopal Varma, maneno ya Mehboob yaliandikwa kwa Kihindi tangu mwanzo, na mwimbaji Asha Bhosle, aliyekwisha kupita miaka 60, anaimba Tanha Tanha kama msichana. Sijui wengine, mimi wimbo huo siuchoki.

Ila kama mnahesabu na zile zilizoingizwa sauti, basi Roja inashika namba moja, maana ndiyo filamu iliyomtambulisha kama mtunzi na ikampa Tuzo ya Taifa ya Filamu ya India papo hapo. Ukiirudia leo, anza na ya Kitamil.