Mwalimu hamruhusu mwanangu kwenda choo, na mtoto ana ugonjwa wa utumbo

SWALI: Habari dada, naomba unisaidie maana usiku silali. Mwanangu wa kiume ana miaka 11, mwaka jana aligundulika ana ugonjwa wa Crohn, anatumia dawa na kuna kipindi anakuwa poa kabisa halafu tumbo linaanza upya. Shida iko shule. Akiomba ruhusa ya choo anaambiwa asubiri kipindi kiishe, wiki iliyopita alishindwa kujizuia akajichafua darasani, wenzake wakamcheka. Sasa asubuhi hali kitu, anasema akila atabanwa. Niende shule niseme nini? – Mama mwenye mawazo

JIBU: Pole sana mama, na kijana mpe pole zangu. Hilo la kutokula ndo limenishtua zaidi, na wala mtoto hadanganyi. Chakula kikiingia tumboni utumbo mpana unaamka unaanza kusukuma, hata kwa mtu mzima wa afya, sasa kwake utumbo una vidonda na umevimba kwa hiyo haja ikija imekuja, hamna cha kusubiri dakika 20. Ila Crohn yenyewe tayari inapunguza uzito, damu na hata urefu wa mtoto, akianza kujinyima chakula kwa kuogopa darasa anaumia mara mbili. Kwa hiyo ukifika shule usiombe huruma, waambie sheria yao ya choo inamfanya mtoto mgonjwa ashinde na njaa.

Nenda na barua ya daktari, fupi tu, historia yote ya hospitali hawaihitaji. Iseme mtoto anatoka darasani muda wowote bila kunyoosha mkono wala kujieleza mbele ya watu, apewe kikadi anakiweka mezani anaondoka, na akae karibu na mlango. Choo kiwe kinafungwa na kina maji, kama vya wanafunzi havifai basi atumie cha walimu. Nguo za kubadilisha zikae kwa mtu mzima mmoja anayemwamini. Na walimu wote wajue jamani, maana unaweza kuongea vizuri na mwalimu wa darasa halafu siku hayupo anaingia mwingine asiyejua lolote, mtoto anazuiwa tena.

Mitihani usiache mpaka mwisho. Dakika za chooni zirudishwe kwenye muda wake, na kwa mitihani mikubwa maombi hupelekwa mapema, kwa hiyo uliza sasa hivi. Michezo aamue mwenyewe siku hiyo anajisikiaje, kwa sababu huu ugonjwa unachosha vibaya na uchovu hauonekani usoni, ndo hapo walimu wanasema anajifanya, jana si alikuwa anakimbia? Ndiyo, jana alikuwa mzima na leo anaumwa, Crohn iko hivyo. Na kama yuko kwenye steroidi, zile dawa za kutuliza uvimbe wa utumbo, uso unaweza kuvimba na kuwa wa duara, waelezwe ni dawa, wasimtanie kanenepa.

Kama anatumia dawa za kushusha kinga, omba shule ikupigie simu haraka ikisikia kuna tetekuwanga au surua, ukipata tu taarifa unawasiliana na daktari hata kama mtoto haumwi.

Kuhusu wenzake, muulize yeye kwanza anataka wajue nini. Wapo watoto wanaotaka darasa zima lielezwe kwamba hauambukizi yaishe, wengine hawataki kabisa, na mwanao ana haki hiyo, ni mwili wake. Ila wale waliomcheka, mwalimu awakemee bila kutaja ugonjwa wake.

Na usisubiri kliniki ijayo, piga simu kwa daktari wiki hii umwambie mtoto hali chakula asubuhi, wampime uzito na damu. Kujichafua kule kunaweza pia kuwa dalili kwamba ugonjwa umeamka na dawa aliyonayo haimtoshi.