Unaanza kuchonga mpingo? Lisome gogo kwanza

Vijana wengi wanaokuja kujifunza kuchonga siku hizi huja na picha kwenye simu: simba, twiga, Mmasai na mkuki wake. Kisha wanasaka gogo la kutosha picha ile. Sikatai, twiga analipa kodi ya chumba. Lakini ukitaka kuwa mchongaji wa vinyago vya Kimakonde, anza na gogo. Lisimamishe, ligeuze, lilaze, uone limejikunja wapi na limeacha uwazi wapi.

Mpingo hukua polepole mno, unaweza kupita miaka 70 kabla haujafaa kuvunwa, na mara nyingi haunyooki. Watengenezaji wa Ulaya wa klarineti, ala ya muziki ya kupuliza, wanataka kipande kilichonyooka, kisicho na doa. Hilo lenye fundo na tundu wanalolikataa ndilo lako wewe. Mtindo wa shetani, yaani vinyago vya viumbe vya ajabu, ulizaliwa humo. Husimuliwa kwamba mwishoni mwa miaka ya 1950 mchongaji wa Kimakonde, Samaki Likankoa, alivunjikiwa na mkono wa kinyago alichokuwa akichonga. Badala ya kukitupa, akaendelea nacho mpaka kikawa kiumbe cha porini, si mtu si mnyama. Tangu hapo fundo likawa jicho, tundu likawa tumbo.

Na usishangae wazee wakizungumza na gogo. Katika simulizi ya Wamakonde, kiumbe mmoja aliyeishi peke yake alichonga sanamu ya mwanamke kwa mti, akaisimamisha nje, na kulipokucha ikawa mwanamke hai. Ukoo wote umeanzia hapo. Ukilijua hilo, hutaona ajabu mtu kuuliza mti unataka kuwa nini.

Sasa kazi yenyewe. Chonga mpingo ukiwa bado na unyevu, kwa sababu ukikauka kabisa tezo itadunda tu na patasi utainoa mpaka uchoke. Ila ukiuacha juani au kwenye upepo, utapasuka. Ukipumzika, funika kazi kwa gunia bichi, na ncha za gogo zipake nta, maana unyevu hutoka kupitia huko kwanza. Ukiona ufa mwembamba kama unywele, usikimbilie gundi. Subiri uone unaelekea wapi. Mara nyingi unaweza kuupitisha kwenye mkunjo wa nguo au mstari wa mbavu. Tupa na msasa ni kazi ya mwisho kabisa, na ndiyo inayokula siku nyingi kuliko unavyodhani.

Jambo moja wageni hulidharau: ule mti mweupe wa nje unaozunguka kiini cheusi. Wengi huuchonga wote utoke, wakidhani mteja anataka weusi mtupu. Bakiza kidogo, mgongoni au chini kwenye kitako. Mjini kuna vinyago vingi vya miti laini vilivyopakwa rangi ya viatu, na mnunuzi anayejua atageuza chako kutafuta weupe huo kabla hajauliza bei.