Umehamishwa Cheo? Usiache Kazi, Mdogo Wangu

Ndugu mmoja wa Newala kaniandikia. Alikuwa kiongozi wa walinzi, sasa kawekwa mapokezi, na kijiweni wanamcheka. Anauliza kama aache kazi. Mdogo wangu, usithubutu. Na nyie wengine mnaotaka kufika mbali, sogeeni msikie.

Mtazameni Simon Sirro. Mei 2017 akawa Mkuu wa Jeshi la Polisi, yaani IGP. Julai 2022 Rais Samia akamteua balozi wetu Zimbabwe, kiti chake akapewa Camillus Wambura. Mtangulizi wake, Ernest Mangu, naye alitoka kwenye u-IGP akaenda kuwa balozi Rwanda. Watu wakasema kaondolewa kiaina. Sisi wa Mtwara tusiseme hivyo. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya kilivamiwa na watu waliotokea ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa Msumbiji. Mwezi uliofuata Sirro alikaa hapahapa Mtwara na mkuu mwenzake wa polisi wa Msumbiji, Bernardino Rafael, wakasaini makubaliano ya kushirikiana. Askari wetu hawezi kumkimbiza mtu hadi Cabo Delgado, kule Msumbiji, bila ridhaa ya mwenye nchi. Kwa hiyo ubalozi aliuanza zamani, akiwa bado na magwanda.

Mimi nimelinda maghala ya korosho miaka mingi. Wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa magendo, wakisikia nipo zamu, wanabadili njia. Msimu mmoja viongozi wa chama cha ushirika wakanipa meza ya malalamiko ya wakulima, kwa mdomo tu, mbele ya vijana wangu. Sijalisahau hilo, na sijifanyi nimelisahau. Aliyepewa lango langu hata kufuli lilikuwa linamshinda.

Basi nikakaa mezani. Mzee anaingia, anatoa stakabadhi kwenye mfuko wa rambo, imekunjwa hadi maandishi yamefifia. Korosho zake zimeandikwa daraja la pili, yeye anasema ni la kwanza. Kabla hajafika huko atakusimulia mvua, jirani na mkwewe. Msikilize. Mimi nilishawaona wote getini, najua nani huloweka korosho ziongeze uzito na nani hana hila. Ujuzi wa lango ndio uliokuwa ukifanya kazi mezani. Siku hizi mgogoro ukizuka mnadani, mwenyekiti wa chama kilekile ananitafuta mimi.

Kwa hiyo subira. Nenda kazini umenyoosha shati, usimseme bosi vijiweni, na subira tena. Vijana mnapenda cheo chenye kelele, mkinyang'anywa filimbi mnaona maisha yamekwisha! Sirro mwenyewe mwaka 2025 karudishwa nyumbani kuwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma, nako mpakani. Angesusa Harare, nani angemkumbuka?

Kesho wahi ofisini, fungua daftari, andika kila anayeingia na shida yake. Halafu omba barua ya uhamisho kwa maandishi. Yangu bado naidai.