Programu yetu ya ASP ya zamani: tuihamishie PHP, ASP.NET Core au Node.js?

SWALI: Tuna ofisi ya kutoa mizigo bandarini, hapa Shimanzi. Programu yetu ya kufuatilia kontena na kuandika ankara iliandikwa kwa ASP ya zamani, teknolojia ya Microsoft ya kurasa za wavuti, kwa lugha ya VBScript. Data iko kwenye Access, hifadhidata ya Microsoft, na seva ni Windows Server 2012. Kurasa ni kama 90. Kijana mmoja ndiye anayeitunza. Anajua PHP na JavaScript kidogo. Tuhamie wapi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ndugu msomaji, hamieni PHP 8, na data iende kwenye hifadhidata ya MySQL au MariaDB. Msikawie. Masasisho ya kawaida ya Windows Server 2012 yalikoma tarehe 10 Oktoba 2023, na mwezi huohuo Microsoft ilitangaza kwamba VBScript itaondolewa kwenye Windows za baadaye.

PHP, kama ASP, huenda ukurasa kwa ukurasa: ombi huingia, faili husomwa, jibu hutoka. Kwa hiyo kijana wenu ataweza kugeuza kurasa mojamoja huku ofisi ikiendelea na kazi. ASP.NET Core, licha ya jina lake, haisomi hata mstari mmoja wa VBScript. Mtaandika yote upya kwa C#. Node.js, inayoendesha JavaScript kwenye seva, nayo hukaa hai muda wote, na kosa moja lisilodhibitiwa huiangusha kwa watumiaji wote mpaka iwashwe tena. Kwa ofisi yenye mtunzaji mmoja, huo ni mzigo.

Kabla ya kukata shauri, tafuteni neno Server.CreateObject, amri inayoita vijenzi vya nje, katika faili zote. ADODB (ya kufikia data) na FileSystemObject (ya kushika faili) zisiwatishe, kwani PHP ina njia zake za kazi hizo. Mkikuta Excel.Application au kijenzi kingine cha Windows, hicho hakipo Linux, mfumo mtakaohamia mwishoni. Kitafutieni mbadala kwanza.

Anzeni na data, lugha baadaye. Ihamisheni MySQL, kisha kurasa za ASP ziifikie kupitia ODBC, kiunganishi cha programu na hifadhidata. Kiendeshi cha Jet cha Access ni cha biti 32 tu, kwa hiyo huenda programu yenu inaendeshwa kwa biti 32: wekeni ODBC ya biti 32 pia, la sivyo itakataa kuunganika. Kisha wekeni PHP kwenye IIS hiyohiyo (seva ya wavuti ya Windows inayoendesha ASP yenu) kwa FastCGI, njia ya kuiunganisha nayo, mgeuze kwanza kurasa za ripoti, ambazo husoma tu. Seshoni za ASP, yaani kumbukumbu ya nani ameingia, hazionekani kwenye PHP. Hifadhini tokeni (alama ya siri) ya kuingia kwenye jedwali la hifadhidata, pande zote mbili ziisome.

Hapa ndipo fedha hupotea. Round, amri ya kukadiria namba, ya VBScript hupeleka nusu kwenye namba shufwa iliyo karibu: 1,250.50 huwa 1,250. round() ya PHP hutoa 1,251. Mkitaka ankara zilingane na za zamani, andikeni round($x, 0, PHP_ROUND_HALF_EVEN), na safu za fedha ziwe DECIMAL (desimali kamili), kamwe zisiwe FLOAT (ya makadirio). Tarehe #03/04/2024# ndani ya SQL ya Access ni Machi 4, si Aprili 3. Ikigeuzwa vibaya, siku za kuhifadhi kontena zitahesabiwa kombo na mteja atatozwa asichodaiwa. Na "kweli" ya Access ni -1, ya MySQL ni 1: sharti la Imelipwa = -1 halitapata kitu, wala halitaonyesha kosa lolote.

Ondoeni pia kila On Error Resume Next, amri ya VBScript ya kuendelea hata kosa likitokea. Huficha makosa ambayo PHP itayafichua siku ya kwanza. Kila swali la SQL liandikwe kwa PDO (njia ya PHP ya kufikia hifadhidata) na prepare(), ili anachoandika mtumiaji kisichanganyike na amri, hata lile linaloonekana dogo.

Linux iwe hatua ya mwisho. Huko Nembo.jpg na nembo.jpg ni faili mbili tofauti, basi badilini majina yote yawe herufi ndogo kabla ya kuhama. Pitisheni ankara za mwezi mzima kwenye mifumo yote miwili mlinganishe shilingi kwa shilingi. ASP isizimwe mpaka tofauti iwe sifuri.