Lesotho mwezi wa Agosti? Jaketi moja halitoshi

Dada wa Kisumu, umeuliza kama jaketi moja litakutosha Lesotho mwezi wa Agosti, ukitaka milima na farasi. Halitoshi! Agosti kule ni kipupwe, nchi nzima iko juu ya mita 1,400, na kilele cha Thabana Ntlenyana kina 3,482. Theluji huanguka. Sisi tunaotetemeka Nakuru alfajiri tukingoja matatu hatujaona kitu.

Lesotho imezungukwa na Afrika Kusini pande zote, kwa hiyo lazima upitie huko. Mkenya anayetembea tu haombi viza yao, hadi siku 90 kwa mwaka, lakini kile kijitabu cha chanjo ya homa ya manjano utaulizwa. Chanjwa angalau siku 10 kabla.

Ukiingilia Sani Pass, barabara ya mlimani kutoka Afrika Kusini, kodi gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Gari dogo hurudishwa mpakani.

Farasi utawapanda Semonkong, mji mdogo karibu na maporomoko ya Maletsunyane, mita 192. Mapaja yatauma, zoea. Na viatu vipya usivianzie huko. Vivae Mlima Elgon wikendi mbili, na soksi zilezile, uone malengelenge yanatokea wapi.